Vigingi Vyekundu vya Bwana Buibui

Mtaani walimwita Bwana Buibui, na kuna waliodhani anashona mabuibui wakamfuata kumuuliza bei. Alikuwa amechoka hata kuwasahihisha. Kazi yake ilikuwa kuhesabu buibui wa shimo kwenye mteremko wa nyasi nyuma ya chuo. Hao hawatandi nyuzi ukutani. Huchimba shimo, wakalitandika hariri ndani, wakaliwekea kifuniko cha udongo kinachofunguka kama mlango. Ukisimama huoni kitu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama miaka kumi na tisa, mpaka magoti yakagoma.

Aliyempenda kuliko wote ni jike la shimo namba saba, aliyempa jina la Shangazi. Alimkuta pale siku yake ya kwanza kazini, na hakuwahi kuhama. Jike kama huyo akivunjiwa nyumba uzeeni, kuchimba nyingine ni shida. Mkewe alikuwa akisema Shangazi ana bahati, maana yeye hutembelewa kila asubuhi.

Mwaka huu chuo kiliamua kupitisha mtaro wa maji mteremkoni. Mkuu wake alimhakikishia kwamba mtambo utakwepa mashimo yote, mradi yaonekane. Basi alitambaa siku tatu na gunia la vigingi, akapigilia kimoja kando ya kila shimo na kukifunga kitambaa chekundu. Nyekundu ni hatari, nani asiyejua? Mkewe alimkanda magoti, akamsihi kesho apumzike. Kesho yake alilala mpaka saa nne, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo.

Alipofika, mtambo ulikuwa umeshazimwa. Mtaro ulipinda huku na huku kama njia ya mlevi, kutoka kigingi hadi kigingi. Kwa wachimbaji, kigingi chekundu maana yake ni moja: chimba hapa.

"Shikamoo mzee," dereva alisema kwa heshima. "Kumbe wewe ndiye uliyetuwekea alama? Tumevifuata vigingi vyako vyote, hatujaruka hata kimoja."

Aliitikia marahaba. Alitaka kukasirika, lakini nguvu za kukasirika hakuwa nazo. Akashuka mtaroni, akapekua udongo kwa vidole pale ilipokuwa namba saba, akaokota kifuniko kitupu. Roho ilimuuma sana. Dereva akamuuliza amepoteza nini.

"Shangazi yangu," alisema.

Dereva akavua kofia, akampa pole, akauliza mazishi ni lini.

"Ameshazikwa, mwanangu."