Rais wa Marekani Alinigombanisha na Shoga Yangu, Leo Mwana wa Shoga Huyo Anamposa Binti Yangu

Admin, nifichie jina, maana ninayemsema naye yumo humu kwenye page. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, naishi Dar. Nina hasira ya tangu mwaka 1998, na mwezi huu imechemka upya.

Mwaka ule nilikuwa nafuata mzigo Guangzhou, China, na shoga yangu, nimwite Zainabu. Vitambaa tunachukua soko la Zhongda, nguo za tayari mtaa wa Guangyuan Xilu, kisha tunachangia kontena moja kwa jina lake. Hatukuandikishana. Mtu unakula naye sahani moja, utamwandikisha nini?

Sasa Wamarekani walikuwa na uchaguzi wa wabunge wao, na habari yote ni rais wao kutembea na binti wa ofisini kwake. Pale tulipopanga, sebuleni palikuwa na TV moja, na Watanzania tukagawanyika utadhani tuna kadi za kura. Hawa wanasema aondoke, hawa wanasema aachwe. Tukafikia kupika sufuria mbili, kwa nchi ambayo hata viza yake hatupewi.

Mimi nikasema, mkewe akishamsamehe, sisi inatuhusu nini? Zainabu akanigeukia mbele ya wanaume: "Wewe lazima umtetee. Si umeshazoea kusamehe kwako?"

Habari za mume wangu na mwanamke wake wa Tanga nilimwambia Zainabu peke yake, tena nikilia. Nikamjibu, "Mungu atakulipa," nikaingia chumbani. Hatukusemeshana tena. Siku chache baadaye nakwenda godauni, nakuta kontena limeshaondoka, marobota yangu yamebaki sakafuni. Ulikuwa mzigo wa Idd. Ulinifikia Idd imepita, na biashara yangu ikafia hapo. Maneno ya huyo mwanamke wa Tanga nayo yalikuwa yameshafika Kariakoo, mume wangu akaniwakia mimi kwa kutoa siri ya nyumba.

Sasa binti yangu kaniletea mchumba. Kuuliza mama yake ni nani, ni Zainabu. Posa imeshaletwa, baba wa binti yangu na wajomba zake wamekubali. Zainabu akanipigia simu, anacheka: "Shoga, yale si yalikuwa ya Wamarekani? Yameshaisha."

Yameisha kwake! Samahani hana, haya hana. Nilikata simu. Leo nikakae naye jamvi moja, nimwite mkwe mwenzangu?

Kijana sina ubaya naye, ana adabu na anaswali. Binti yangu anasema haolewi bila radhi yangu, na chakula hali. Jana aliniuliza, "Mama, kwani mimi nilimpigia kura nani?"

Jumapili wanakuja kuchukua jibu. Mlio wazazi, na ninyi mabinti, niambieni ukweli hata kama utaniuma: nitoe radhi na donge hili rohoni, au nikatae?