Matimba ya Nyumba ya Bwana

Udongo ulikuwa umenifika makwapani, mguu wa kulia umebanwa na jiwe nisiloliona, na kule juu kwenye mdomo wa duara mzee wa kanisa alikuwa ananiuliza kama nimetubu.

"Nimetubu, mzee!" nilipiga kelele. "Teremsheni sururu!"

"Umetubu na kiburi?"

"Na kiburi! Teremsheni sururu na watu!"

"Bado nakusikia unatoa amri, ndugu yangu," alisema, kwa ile sauti yake laini ya kuombea wagonjwa. "Nyenyekea kwanza."

Sasa mtu aliyezikwa hadi makwapani anyenyekee vipi zaidi ya hapo? Kupiga magoti siwezi, magoti yenyewe yako chini ya udongo. Nikiinamisha kichwa, nakula mchanga. Wakaanza pambio. Lina beti nyingi lile, nalijua vizuri, mimi ndiye niliyewafundisha sauti ya pili.

Acha nirudi nyuma kidogo, maana wenzangu wanaisimulia habari hii kila Jumapili na kila Jumapili inapinda.

Duara letu, yaani shimo letu la dhahabu, lilikuwa Nyarugusu, na mwenye duara ndiye huyo mzee wa kanisa. Wachimbaji wa jirani waliliita Duara la Haleluya. Kwenye maduara mengine anapita mganga kwanza, dawa inafukiwa mdomoni, mbuzi anachinjwa. Sisi tulianza na sala. Hilo nililipenda na nalipenda hadi leo. Nilitoka kwetu Shinyanga na darasa la tatu langu na Biblia ya Kisukuma aliyoniachia mama, na sijawahi kuona aibu kumwomba Mungu kabla ya kushika kamba.

Lakini sala ni sala na matimba ni matimba. Kwa asiyejua, matimba ni magogo tunayoyapanga kuzunguka kuta za duara, moja juu ya jingine, ili udongo usitushukie. Ya duara letu niliyapanga mimi. Niliyajua moja moja kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake, lipi limenyooka, lipi lina nundu.

Basi ikaja habari kwamba askofu atatutembelea. Kanisa letu lilikuwa turubai tu, limelegea katikati kama tumbo la ng'ombe aliyevamia shamba la watu. Mzee akaona haya. Jumamosi, sisi tukiwa majumbani, akaingia duarani na fundi wake wa kupaua. Wakang'oa matimba ya upande wa mashariki, ule wa udongo mlaini, wakayasimamisha kuwa nguzo za kanisa. Askofu akaja, akasifia nguzo, akala kuku, akaondoka.

Jumatatu asubuhi nikachungulia duara, nikaona ukuta uko uchi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ng'wanawane."

"Mzee, matimba yameenda wapi?"

"Yameenda kwa Bwana."

"Bwana yupi? Bwana Misitu?"

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Mzee hakucheka.

"Huo mdomo wako," alisema, "ndio Mungu anaoushughulikia. Wewe unamtegemea Mungu au unategemea magogo?"

Swali hilo ni mtego wa panya. Ukisema magogo, huna imani. Ukisema Mungu, haya, shuka. Mchungaji alikuwapo, amekuja kutuombea wiki mpya. Nikamtazama anisaidie. Akatazama viatu vyake, vilikuwa vipya. Mimi nyumbani unga ulikuwa umeisha. Nikashuka.

Ukuta wa mashariki ulinisubiri niinuke na sururu, ukashuka.

Sasa turudi kwenye pambio. Walipofika kiitikio nikaacha kupigana na udongo. Nilisema kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo, kwamba Baba, niko hapa, wewe unaniona hata hawa wasiponiona. Basi. Sikuahidi kitu, sikujitetea. Na nawaambia kweli, hofu ilitulia. Kifua kilikuwa kinabanwa vile vile, lakini nilijua sipo peke yangu mle. Hicho ndicho nakiita unyenyekevu. Mbele ya Mungu nilikuwa mdogo, na udogo ule haukuniuma. Mbele ya mzee niliuma meno.

Halafu nikasikia vishindo. Walikuwa ni wale wa duara la mganga, wale tuliokuwa tunawaombea wapate kumjua Mungu.

"Walokole, kaeni pembeni!" mmoja alifoka. "Mtaimba akishatoka!"

Walishuka na hirizi zao shingoni, wakafukua kwa sururu, halafu kwa mikono. Aliyenishika kwapa alikuwa ananuka gongo, sijawahi kusikia harufu nzuri kama ile.

"Mlokole," aliniambia, "leo unaokoka mara ya pili."

"Wabeja," nikamshukuru. "Na hii ya leo ina mashahidi."

Hospitali ya Geita walipambana na mguu wangu, wakauacha ukiwa hai lakini haukunjiki. Natembea na mkongojo. Na mzee amepata mahubiri. Anasimama anasema Mungu alimvunja ndugu yetu mguu ili amvunje kiburi, na waumini wanaitikia amina. Sasa ananitaka nisimame mbele nitoe ushuhuda huo kwa kinywa changu.

Mke wangu alivyosikia alisema, "Baba watoto, ukienda kumsingizia Mungu, mkongojo wako naupikia maharage."

Amesema vizuri kuliko mchungaji. Maana kinachoniuma ni hicho, kuliko hata mguu. Kung'oa wang'oe wao, lawama abebe Mungu. Yule aliyekaa na mimi udongoni, leo ndiye anayeitwa mvunja miguu, na mimi nipige makofi.

Kanisani sijahama. Nakaa kwenye benchi la mbele, mgongo nimeuegemeza kwenye timba lenye nundu, mguu nimeunyoosha njiani ili kila anayepita na kikapu cha sadaka auruke. Kusamehe bado, najaribu, na jaribio hilo ni langu na Mungu.

Ila ninyi watatu, mzee mwenye duara, fundi wa kupaua, na wewe mchungaji wa viatu, nawauliza kwa maandishi ili msiseme hamkusikia. Sitaki chakula cha pole, sitaki kuombewa. Simameni mbele ya waumini wale wale, saa ile ile ya matangazo, mseme: ni Mungu aliyeingia duarani Jumamosi ile, au ni ninyi?