Chachu Ajifunza Kubonyeza

Jumanne, tarehe 12 Juni 2018, mwoka mikate anayeitwa Chachu hakuwasha tanuri lake, mara ya kwanza tangu alifungue. Alikuwa wodini, akimtazama binti yake mchanga chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa kitambaa, ngozi ya manjano kama kiini cha yai. Mkewe, aliyejifungua kwa upasuaji, alikuwa bado kitandani chumba cha pili. Daktari hakuzunguka mbuyu: kipimo cha jioni kikipanda tena, mtoto atabadilishwa damu.

Kungoja kulimchosha Chachu kuliko kukanda unga. Sista wa zamu, mama wa makamo mwenye ulimi wa pilipili, akamhurumia. Alikuwa amesomea kubonyeza sehemu maalumu za mwili ili kusaidia matibabu.

"Usije ukajidanganya, baba. Dawa ni taa na maziwa. Hii huenda ikalegeza tumbo, manjano yatoke na choo. Huenda, nimesema."

Akamwonyesha mahali kwenye unyayo. Chachu akainama, akazamisha kidole gumba, akakiinua na kusubiri nyama irudi, kama anavyopima donge lililoumuka. Mtoto akaangua kilio.

"We! Huyo ni mwanao, si mkate! Na hicho kichwa kitoe, unamzibia taa!"

"Nisamehe, dada. Mkono una mazoea yake."

"Haya, bonyeza kope lako mwenyewe. Kiasi ambacho jicho linastahimili, hapo ndipo mwisho wako."

Akajaribu. Kumbe kugusa kidogo nako ni kazi. Akarudi kwenye unyayo, safari hii amesimama pembeni, na mtoto akamwachia mguu.

Alasiri nepi ikachafuka, kisha nyingine. Chachu akazipokea kama zawadi. Jioni majibu yakaja: manjano yameshuka, damu haitabadilishwa. Alikimbia kumwambia mkewe, akasahau viatu.

"Ni vidole vyangu, eti sista?"

"Ni taa. Vidole vyako, tuseme, viliibebea mkoba."

Tangu hapo, kila akifungua tanuri, mkate wa kwanza huwa wa wodi ile, na sista hulalamika kwamba anamnenepesha.

Ijumaa hii sista anastaafu. Chachu hatawasha tanuri. Atamshika binti yake mkono waende kumuaga.