Mama na Matabishi ya Bwana Munyororo

Siku niliyoanza kazi katika hoteli ya ufukweni pale Kisenyi, kama tulivyouita mji wetu enzi hizo, Bwana Metre hakuniuliza jina. Aliniambia nioneshe kucha. Akaigeuza mikono yangu huku na huku kama mtu anayechagua mihogo sokoni, akanusa viganja, kisha akanipa koti jeupe lililokuwa la mtu mnene kuliko mimi. Baba yangu, aliyekuwa fundi cherehani kule Buswahilini, mtaa wa Waswahili, alilipunguza jioni ile ile, na kesho yake nikaingia kazini kama bwana harusi.

Metre ndiye mkuu wa wahudumu wote wa ukumbini. Wetu alikuwa Mkongomani wa Kindu, mfupi, mwenye masharubu yaliyotunzwa kuliko bustani ya hoteli. Chini yake walikuwepo wahudumu wa meza, na chini yao sisi makomi, ambao kazi yetu ilikuwa kubeba sahani na kufunga mdomo. Mimi nilikuwa komi wa majaribio. Mwisho wa majaribio Madame, mjane wa Kibelgiji mwenye hoteli, angeamua kama naandikwa kazi au narudisha koti. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Cherehani ya baba ndiyo iliyotulisha nyumba nzima, na macho yake yalikuwa yameanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Tulifundishwa kuleta chakula kutoka kushoto kwa mteja na kuondoa sahani kutoka kulia. Kisu na uma vikiwa vimepishana juu ya sahani, mteja bado anakula, usimsogelee. Vikilala pamoja, amemaliza. Siku hizi naona vijana wanakunyang'anya sahani wakati ulimi wako bado unatafuta nyama kwenye meno. Na adisyo, yaani hesabu ya chakula, hatukuipeleka mpaka iombwe, maana kumpelekea mtu hesabu ambayo hajaiomba ilikuwa sawa na kumwonesha mlango. Iliwekwa kwenye kisahani, imekunjwa, maandishi yakiwa ndani, kwa sababu aliyealikwa hana haja ya kujua mwenyeji wake anaumia kiasi gani. Ukishaiweka unageuka kutazama ziwa mpaka usikie kisahani kimesukumwa.

Halafu yalikuwepo matabishi, ambayo wengine huyaita bakshishi. Yaliyoachwa chini ya kisahani yaliingia kwenye kopo la wote, tukagawana na wapishi na waosha vyombo. Yaliyowekwa mkononi yalikuwa yako. Ukipewa unashukuru kwa merci, unarudi nyuma kidogo, na huangalii ulichopewa. Kuangalia kulikuwa kama kumwambia mteja kwamba hakufikisha.

Jumamosi mchana meza ya dirishani ilikuwa ya Bwana Munyororo. Alikuwa Mzungu mpima ardhi, na jina hilo alilipata kwa sababu vibarua wake walikokota mnyororo wa kupimia katika mashamba ya watu tangu Kanzenze mpaka ziwani. Alikula peke yake, amechomeka kitambaa cha mezani kwenye ukosi wa shati, jambo ambalo Bwana Metre alilihesabu kuwa utovu wa adabu lakini alijifanya halioni. Kiswahili chake alifundishwa na wale vibarua wa mnyororo, kwa hiyo alijua kuamrisha, kutukana na kushukuru, basi.

Jumamosi moja upepo wa ziwani uliingia dirishani ukaangusha glasi yake ya mvinyo. Kabla mvinyo haujafika kwenye suruali, nilikuwa nimeshautupia kitambaa changu cha mkononi. Alipoondoka alinibana mkono, nikasema merci, nikarudi nyuma, na sikufungua kiganja mpaka nilipofika nyuma ya jiko. Haikuwa sarafu. Ilikuwa noti.

Nilikimbia nayo nyumbani nikampa mama kwa mikono miwili. Mama aliitazama, akanitazama mimi.

“We ulimupatia nini?” akauliza.

Nikasema nilimpa chakula.

“Chakula ni ya Madame, na huyo mutu alilipa. Mi nauliza wewe ulimupatia nini.”

Mama alikuwa binti wa wafanyabiashara waliofika huku wakitokea Ujiji, na katika nyumba yake bakuli la jirani halikurudi tupu hata siku moja. Kama hapakuwa na mchuzi lilirudi na ndizi, na kama hapakuwa na ndizi lilirudi na chumvi. Kwake yeye mtu anayepokea bila kurudisha ni wa kuhurumiwa, na alisema wazi kwamba hakuzaa mtu wa kuhurumiwa. Aliitia noti ile kwenye kopo la majani ya chai, akakataza isiguswe mpaka ijibiwe. Baba alilitazama lile kopo kwa huzuni sana, maana alishaanza kuota miwani.

Jumamosi iliyofuata mama aliamka akakaanga sambusa. Alizijaza njegere za Kanzenze, vitunguu, tangawizi na pilipili kidogo, akazifunga kwenye jani la mgomba, akanikabidhi kama mtu anayetuma posa. Nilimweleza Bwana Metre kwenye chumba cha vyombo. Alinusa lile furushi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Komi, sikiliza,” akasema. “Matabishi si zawadi. Ni mutu anakwambia: umefanya muzuri, kwaheri. Ukimurudishia, atazani unataka ingine.”

Akanikumbusha sheria ya Madame, kwamba chakula cha nje hakikanyagi meza zake, na mhudumu aliyeivunja aliacha koti siku hiyo hiyo. Kisha akasema anakwenda kukagua mvinyo, akaniacha peke yangu na furushi. Mpaka leo sijui kama alinionya au aliniruhusu. Nilipima mambo mawili. Madame angeweza kunifukuza kazi. Lakini kwa mama ndiko nilikokuwa nikilala.

Nikatandika kitambaa kwenye sahani, nikazipanga sambusa, nikakata limau pembeni, nikamletea Bwana Munyororo kutoka kushoto kama nilivyofundishwa. Alidhani ni takrima ya hoteli. Akashika kisu na uma, na sambusa ya kwanza ikapasuka, njegere zikatawanyika mezani. Akatazama kulia na kushoto, akaweka chini vile vyuma, akala kwa mkono. Daktari na mkewe waliokuwa meza ya jirani wakauliza ni nini kile. Meza ya nyuma yao nayo ikauliza. Komi mwenzangu akatumwa jikoni kuzileta, mpishi akaapa kwamba hajawahi kuzipika, na Madame aliyekuwa kwenye dawati lake karibu na mlango akainua kichwa.

Bwana Munyororo alipoomba adisyo aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Alikuwa mtu wa vipimo.

“Kile kitu ya pembe tatu haiko hapa,” akasema.

Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba mama yangu ndiye aliyezikaanga, anamrudishia ya Jumamosi iliyopita. Masikio yake yakawa mekundu. Akatazama sahani tupu, halafu akatia mkono mfukoni na kunipa noti nyingine. Nilitaka kulia. Nilijua maana yake ni kukaanga tena.

Madame aliniita mbele ya dawati, na Bwana Metre akasimama pembeni yangu. Neno la kwanza la Madame lilikuwa “koti”. Nilikuwa nimeshafungua kifungo cha juu wakati Bwana Metre alipomweleza kwa Kifaransa kwamba meza kadhaa zimeulizia sambusa zile na hakuna iliyoulizia supu. Madame akafikiri. Alikuwa mkali, lakini pia alikuwa mfanyabiashara.

“Bon,” akasema. “Mama yako atafanya hii kwa hoteli kila samedi. Mi nitalipa. Akikubali, unabaki. Akikataa, unaacha koti.”

Nilirudi nyumbani nikiruka. Nilidhani mambo yamekwisha, kumbe simjui mama yangu.

Jumatatu alikuja hotelini amevaa kanga zake za Idi, akapitia mlango wa jikoni. Mlango wa mbele, siku hizo, mtu wa rangi yetu aliupita akiwa amebeba sinia tu. Madame akataja bei, na ilikuwa bei nzuri. Mama akatikisa kichwa.

“Ile siuzishe, Madame. Ile ilishaenda kwa mutu.”

Nilihisi koti likinivuka lenyewe. Madame hakuelewa, kwa hiyo Bwana Metre akatafsiri, na tafsiri yake ilikuwa ndefu mara nyingi kuliko maneno ya mama. Mama akaeleza kwamba kitu alichokitoa kujibu zawadi akianza kukipangia bei, basi yule bwana atakuwa amekula kitu cha dukani, na zawadi yake itabaki bila jibu. Madame akasema kwamba yeye hapangi zawadi, anapanga chakula cha mchana, na kwamba neno lake ni lile lile. Akanyoosha mkono apokee koti.

Nilianza kufungua vifungo. Baba alikuwa amevishona upya kwa uzi mara mbili, na kimoja hakikutaka kutoka. Niliona aibu kuhangaika nacho mbele yao, na niliona hasira pia, sitaficha, maana mama alikuwa anaichezea riziki yetu kwa ajili ya njegere. Mama akanitazama nikipambana na kile kifungo. Nadhani ndipo alipoelewa kazi ile ilikuwa nini kwangu.

“Ya njegere siuzishe,” akasema polepole. “Lakini ya nyama, ile bado sijapatia mutu. Ya nyama naweza kuuzisha.”

Bwana Metre alitafsiri kwa neno moja. Madame na mama wakatazamana kama wanawake wawili sokoni wakati bei inakaribia kufika, kisha Madame akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Akakubali hata sharti la mwisho, kwamba sahani moja ya njegere iingie ukumbini kila Jumamosi bila kuandikwa kwenye adisyo. Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi.

Noti ya kwanza ikatoka kwenye kopo la chai ikawa miwani, na baba akatunga uzi mbele yetu sote kama mwanamazingaombwe. Bwana Munyororo aliendelea kutoa matabishi na mama aliendelea kujibu. Mchezo ule ulikwenda misimu kadhaa ya mvua, na hakuna kati yao aliyejua namna ya kuacha.

Mimi nilipanda. Nilitoka komi nikawa mhudumu wa meza, kisha mkuu wa safu, yaani msimamizi wa meza zote za upande mmoja. Nilivuka barieri ya mpakani kwenda Goma kwa Patron mmoja Mgiriki mwenye hoteli, ambaye sheria yake ilikuwa moja: mteja akikasirika, mpe kahawa, akizidi kukasirika, mpe konyaki, akinyamaza, mpe adisyo. Nikarudi upande wa nyumbani, mwishowe nikawa Metre mimi mwenyewe, nikakagua kucha za watoto wa watu. Magoti yalipogoma nikastaafu. Siku hizi wajukuu hunipeleka mkahawani, wanalipa kwa simu, na mhudumu anasimama juu yetu akisubiri simu ilie. Hajakosea, ndivyo kazi yake ilivyo sasa. Lakini mimi shingo yangu inageuka yenyewe kutafuta ziwa.

Vijana wa kazi hii huniuliza ni mteja gani aliyewahi kunipa matabishi makubwa kupita yote. Wanangoja niwatajie mkubwa fulani wa serikali. Mimi huwasimulia Jumamosi ya mwisho ya Bwana Munyororo, ambayo hakunipa kitu.

Alikuwa amehamishwa. Siku hiyo hakuja hotelini, alikuja Buswahilini kwa miguu, na watu wakatoka milangoni wakidhani amekuja kupima viwanja. Mama akamtandikia mkeka, akamwekea sambusa za njegere na chai ya tangawizi. Nikakaa naye, bila koti, bila kitambaa mkononi, na nilitoka jasho kuliko siku yoyote ya kazi. Alikula kwa mkono tangu mwanzo. Alipomaliza hakujua afanye nini, maana hapakuwa na kisu wala uma wa kulaza, mpaka baba akamwambia aseme tu ameshiba.

Akainuka. Mkono wake ukaingia mfukoni, kama ulivyoingia kila Jumamosi. Niliuona. Mama naye aliuona, akasimamisha birika hewani. Ulikaa mle mfukoni muda wa mtu kuvuta pumzi, halafu ukatoka mtupu, akaunyoosha kwa mama.

“Aksanti, Mama,” akasema.

Mama akaupokea kwa mikono miwili, juu ya ncha ya kanga. Bwana Munyororo alipokata kona na watoto wa mtaa wakimfuata, mama aliinama kukusanya vikombe.

“Sasa huyo,” akaniambia, “amekula kwetu.”