Filamu Alizoziacha Baba Yako

Nakumbuka Jumapili moja baba yako alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Ilikuwa hapa hapa Mpepai, sebuleni kwa mwenye duka, baada ya misa. Wanawake tulikuwa tukijazana pale kutazama filamu za mapenzi za kuchekesha, na mwanaume alikuwa mmoja tu, kaka yangu Gaudensi, kakaa mkekani ubavuni mwa mama yako. Bwana harusi kateleza matopeni na suti yake nyeupe, basi, kaka hoi!

Mwanangu, jana ulinijia umenuna. Wenzako wamekukuta unatazama filamu za namna hiyo na mkeo kwenye simu, wamekucheka, nawe unaniuliza, "Shangazi, hivi kweli haya ni mambo ya mwanaume?" Kaa nikujibu, na usinikatize.

Wazazi wako walikuwa wakitoka pale wanabishana njia nzima. Wiki nzima wanachuma kahawa huku wanabishana. "Ungekuwa wewe, Dafroza, ungemsamehe yule?" Mama yako anajibu, "Nisingemsamehe. Na wewe juzi ulinisema mbele ya watu, iliniuma." Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiambizana mambo yao.

Maneno yakafika kwenye sengu, baraza la wanaume. Siku hizo wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa babu yako, na baada ya ugali mtu anasemwa. Mimi nilikuwa nimepeleka maji ya kunawa, nikasikia kwa masikio yangu.

"Gaudensi," babu yako akasema, "tunasikia unakaa na wanawake kuwalilia watu wa kwenye runinga. Kesho utatuletea mtoto mgongoni?"

Wakacheka wote. Kaka akainamisha kichwa. "Nimesikia, baba."

Hakwenda tena. Mama yako alipomwita Jumapili iliyofuata, alimjibu, "Mimi si mwanamke," akashika njia ya kilabuni. Akawa anakula kwa wanaume, anarudi, analala. Ile nyumba ikapoa, mwanangu. Ukipita nje ungedhani wamehama.

Ndipo mama yako akaota uvimbe kwenye titi. Akauficha. Siku aliyonifungulia kanga nione, kidonda kilikuwa kimeshatumbuka, kinanuka. Nikamfokea, "Wifi, mumeo anajua?"

"Nianzie wapi, wifi?" akasema. "Ataniona namtafutia maneno. Hatuongei siku hizi."

Nilikwenda mwenyewe kumwambia kaka, jioni ile ile. Tukampeleka hospitali Mbinga. Daktari akasema tumechelewa sana, wala hakutuficha. Mama yako alikufa kahawa ikiwa imeiva, ikaozea mitini maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuichuma. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kutembea, unamtafuta kila chumba.

Na wazee wale wale wakasimama msibani kumsifu: mwanamke mtulivu, hakuwa na maneno. Nilitamani kuwamwagia uji!

Baada ya kuzika, baba yako akaniuliza, "Kwa nini hakuniambia?"

Nikamjibu, "Angekuambia saa ngapi?"

Hakuniuliza tena mpaka anakufa. Wewe uliambiwa mama yako aliugua ghafla. Hakuugua ghafla.

Sasa sikiliza. Baba yako alizifurahia filamu zile, na alikuwa mwanaume, aliyechimba ngoro, yale mashimo ya kulimia, mlima ule wote kwa jembe la mkono. Hakupungukiwa kitu kwa kucheka. Alipungukiwa alipoacha. Wanaokucheka hawalali nyumbani kwako, wala mkeo akiumwa hawatakuwa wao wa kuambiwa. Filamu ikikuchosha, sema imekuchosha. Ikikuliza, lia. Lakini usiinuke pale alipo mkeo kwa sababu ya macho ya watu. Na ukirudi leo, muulize kama kuna jambo limemkaa moyoni, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize.

Mungu akutunzie mke wako, mwanangu. Na siku akiwa na la kusema, akukute umekaa karibu.