Bibi Aliyefariki Mara Tatu

Kwa miaka ishirini na mbili, kazi yoyote ya mwanafunzi wa chuo kile cha ualimu ilipitia dirishani kwa mwanamke mmoja mfupi aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni. Aliipokea, akahesabu kurasa, akagonga muhuri wa tarehe. Saa kumi alasiri alivuta kidirisha, na aliyefika saa kumi na dakika moja aligongewa muhuri mwekundu: IMECHELEWA. Wanafunzi walimwita Mama Muhuri, naye aliitika. Visingizio vyote alishavisikia.

"Mwanangu," alimwambia mmoja aliyelalamikia mvua, "hiyo mvua ilinyesha kwenu tu?"

Kisha chuo kikaleta programu ya akili bandia, ikapewa jina la Msaidizi. Wanafunzi wakawa wanatuma kazi zao kwa kompyuta. Ukimwandikia Msaidizi unachotaka, anaingia mwenyewe kwenye mafaili, anakusanya kazi na kukuletea orodha: nani ametuma, lini, nani bado. Hata makaratasi ya zamani ya stoo yalipigwa picha yakaingizwa humo.

Mama Muhuri alirudi nyumbani akamwambia mumewe, nesi mstaafu, kwamba ameshapata mrithi, tena asiyekwenda kula mchana.

"Basi atakonda," mumewe akasema, akaendelea kumenya viazi.

Lakini hakufukuzwa. Msaidizi alihitaji mtu wa kumtuma, na hakuna aliyewajua wanafunzi kama yeye. Fundi wa kompyuta, binti mwenye haraka zake, alimfundisha kwa nusu saa.

"Mwandikie kama unavyozungumza na mtu, mama."

Ndivyo alivyofanya, na kwa kuwa hajawahi kuzungumza na mtu bila kumsalimu kwanza, kila agizo lilianza hivi: "Ndugu Msaidizi, habari za tangu jana, pole na kazi."

Mwisho wa muhula walimu walikutana kujadili matokeo, na Mama Muhuri akaketi pembeni na kompyuta yake, skrini kubwa ikiwa ukutani. Likaja suala la mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyechelewesha kazi ya somo la Malezi kwa siku moja. Aliandika kwamba alikuwa hospitalini akimuuguza bibi yake. Mkuu wa chuo, mtu wa makamo aliyesomea chuo hichohicho, alitaka apewe sifuri.

"Bibi, bibi," alisema. "Kila muhula mabibi wanateketea. Enzi zetu hatukuwa hivi. Mama, hebu mwambie Msaidizi atuonyeshe, walimu waone huu mchezo ulivyozoeleka."

Mama Muhuri akaandika: "Ndugu Msaidizi, habari za tangu jana, pole na kazi. Mkuu anaomba kazi zote za Malezi zilizochelewa, pamoja na barua za udhuru zinazomtaja bibi. Usiache hata moja. Ahsante."

Alisahau kutaja mwaka.

Msaidizi hakuacha hata moja. Alileta za miaka yote, akaandika chini: "Barua zinazotaja kifo cha bibi ni tisa. Tatu kati ya hizo ni za mwanafunzi mmoja, ndani ya mwaka mmoja." Kisha akazipanga tatu hizo ukutani, na kila moja ilikuwa na jina kamili la mkuu wa chuo, kwa mwandiko uleule ambao walimu wote waliujua. Zote zilianza, "Kwa masikitiko makubwa, bibi yangu mpendwa aliyenilea..."

Mkuu alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nilikuwa na mabibi wawili," akasema.

"Barua ziko tatu, Mkuu," mwalimu wa hesabu akamkumbusha, kwa heshima zote.

Mabega ya Mkuu ndiyo yaliyoanza kucheka, mwenyewe akafuata. Akakiri kwamba bibi aliyemuua mara tatu yu hai, ana miaka tisini na mbili, na Jumapili tu alikuwa amempelekea dawa za magoti. Kisha akamgeukia Mama Muhuri.

"Mama, muhuri uligonga wewe. Ulijua?"

"Mara ya pili nilidhani ni yule wa upande wa baba. Ya tatu niligonga tu, nikanyamaza. Ulikuwa umekonda sana mwaka ule, Mkuu."

Hapo hakucheka. Alitazama barua kidogo, akasema mwanafunzi yule akatwe alama tano na kazi yake isahihishwe kama za wenzake.

Fundi alitaka kuweka kizuizi ili Msaidizi asivuke mwaka wa masomo. Mama Muhuri alisema hakuna haja. Kosa lilikuwa lake, na tangu siku ile anataja kila kitu: mwaka, somo, darasa, tarehe. Walimu wanaoletewa na Msaidizi vitu visivyoeleweka huenda kwake awaandikie maagizo, na baadhi yao husubiri kwenye foleni.

Anayelalamika ni mumewe. Juzi alimwambia jirani kwamba siku hizi haombwi chai kama watu wengine. Anaambiwa habari za tangu asubuhi, pole na kazi, naomba kikombe kimoja, cha leo, kilichooshwa, chenye chai ndani.