Kaneza, aliyembeba bibi mgongoni kwenye mvua ya Ireland

Saa moja asubuhi, ghorofa ya tatu mtaani Umbilo, Durban, Kaneza Ndayizeye anapima joto la maji kwa kiwiko. Yanafaa. Anampa Bibi Nora Hanlon bega la kushika, na wawili hao wanajikongoja kuelekea bafuni, kama walivyofanya kila asubuhi kwa miaka sita.

"Pole pole, Gogo. Muda iko," anamwambia. Gogo ni nyanya kwa Kizulu; hajawahi kumwita jina jingine.

Kaneza, mwenye miaka 38, alikuwa mwaka wa pili wa masomo ya uuguzi Bujumbura vita vilipomkatiza. Alifika Durban mwaka 2003, akasuka nywele katika kitongoji cha Isipingo, kisha akapata kazi ya kumtunza Bibi Nora, mjane mzaliwa wa Ireland ambaye miguu imemgomea.

Mwaka jana, 2013, bibi huyo alitimiza miaka 84 na kutaka kitu kimoja tu: kuiona nyumba aliyozaliwa. Wanawe walikubali kulipia safari, ila walipendekeza akodiwe mhudumu wa huko huko.

"Gogo aliwaambia, bila Kaneza siendi. Akafunga mdomo, basi," Kaneza anacheka.

Iliwachukua miezi saba kupata hati ya kusafiria ya mkimbizi pamoja na viza. Julai mwaka huu wakaruka hadi Ireland.

Siku ya tatu walipanda basi la watalii. Mvua ilikuwa imeanza kabla ya chai na haikuonyesha dalili ya kukatika. Yalipita mashamba ya kijani yaliyotengwa kwa kuta za mawe, kondoo waliolowa chepechepe, na miji midogo ya pwani yenye nyumba za rangi ya waridi na manjano. Abiria wengi walinuna. Bibi Nora alifuta kioo kwa mkono wake na kutaja kila kona kwa jina.

Dereva, Dermot, alikubali kusimama dakika ishirini chini ya kilima chenye nyumba hiyo. Lakini njia ilikuwa mawe na tope. Kiti cha magurudumu kilizama kabla ya hatua kumi.

"Haiwezekani, mama," dereva alimwambia bibi. "Itazame kutoka hapa."

Kutoka hapo kulikuwa na ukungu mtupu. Bibi Nora aligeuza macho kutoka kilimani. Aliinamisha kichwa.

"Kumwona vile ndiyo kulinishinda," anasema Kaneza. "Eish, tumetoka Durban mpaka pale, halafu turudi?"

Akafungua kitenge kilichokuwa mabegani mwake, akachuchumaa. "Gogo, panda."

"Utaniangusha."

"Nimebeba wadogo zangu watano. Wewe ni kilo 47 tu."

Akamfunga mgongoni kama Warundi wanavyofunga mtoto, akapanda. Dermot alimtazama kidogo, kisha akachukua mwavuli na kuwafuata, akiwakinga huku yeye mwenyewe akilowa.

Juu walikuta kuta nne bila paa. Meko yalikuwa bado yamesimama. Bibi Nora aliomba asogezwe, akaweka kiganja kwenye mawe yake na kuwataja ndugu zake saba, mmoja mmoja, mahali kila mmoja alipokuwa akikaa. Dakika ishirini zikawa hamsini. Waliporudi, hakuna abiria aliyelalamika.

Mama mmoja aliuliza kama Kaneza ni mfanyakazi wa ndani.

"Ni muuguzi wangu," alijibu Bibi Nora.

Kaneza ananitajia tena neno hilo: muuguzi. "Kaka, tangu nitoke Burundi, hakuna mtu alikuwa ameniita vile."

Aliporejea Durban alianza kutafuta chuo. Januari ijayo anaanza masomo ya uuguzi msaidizi, siku mbili kwa wiki; Bibi Nora amemwandikia barua ya kurasa tatu ya kumpendekeza. Tayari kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa huko Berea, huwafundisha wanawake wanne wakimbizi namna ya kumwinua mgonjwa bila kumuumiza.

"Nikipata cheti, nitafungua darasa lenyewe," anasema. "Wako wengi kama mimi hapa, walikatizwa katikati. Nataka wamalize."